Fundo la Nyavu

Shuka ya kijani ilikaa miaka thelathini na mmoja
chini ya godoro, Mabatini, nyumba juu ya mwamba,
imekunjwa ndani ya mfuko wa duka la Hasmukhi:
Nyavu, Kamba, Maboya. Jumla na Rejareja.

Nilizama Igombe nikiwa na miaka mitano.
Mama alinibamiza mgongoni hadi nikatapika ziwa,
na kabla sijalia alikwisha weka nadhiri
kwa walii asiyemjua, wa mji asioujua,
ambaye habari zake aliambiwa jikoni, akichambua dengu,
na Kantabeni, mwasha taa wa miungu yake kila alfajiri:
"Huko kwetu liko kaburi la Mwislamu.
Hata sisi huenda. Halimuulizi mtu jina la baba yake."

Ndiyo maana nikaenda.
Na Hasmukhi akaenda, mtoto wa jicho macho yote mawili,
ameushika mkono wangu kama mteja anayeomba mkopo.
Kwapani, kopo la maziwa ya unga
limefungwa utepe mwekundu: nusu ya mama yake.
Nusu nyingine tuliimwaga Nyanza, nyuma ya Saanane,
siku ya upepo. Majivu kidogo yakarudi,
yakatua kwenye ushungi wangu.
Sikuyapangusa upesi.

Ajmeri ni vumbi, waridi na honi.
Viatu tulimwachia kijana mwenye meno ya tambuu.
Nilitegemea nitetemeke. Sikutetemeka.
Nilisikia njaa, na sakafu ikiniunguza nyayo;
mbele yangu mwanamke mwenye tone jekundu kwenye paji,
nyuma yangu mzee na tasbihi yake,
tunasukumana kama feri ya Kamanga ikishusha mlango.
Shuka ya mama ikamezwa na shuka nyingine mia,
kijani juu ya kijani,
na mimi nikabaki na harufu ya mfuko vidoleni.

Halafu nyuzi. Kila mtu alikuwa na uzi,
mwekundu, wa manjano, anaufunga kwenye dirisha la marumaru.
Ombi likijibiwa, walisema, unarudi kulifungua fundo.
Mimi sikununua uzi. Mkobani nilikuwa na nailoni,
ile ya kuzibia nyavu za dagaa,
na vidole, bila kuniuliza, vikafunga fundo vinalolijua.

Hasmukhi akalipapasa. Akacheka mpaka akakohoa.
"Kabula! Hili halifunguki. Hili hukatwa kwa kisu.
Umemfunga walii, au umejifunga wewe?"

Kesho yake tulivuka kilima, tukashuka ngazi za Pushka.
Ziwa dogo; lingeingia lote kwenye ghuba ya Igogo
na nafasi ya mitumbwi ikabaki. Sikumwambia.
Kuhani akafungua daftari refu kama kitambaa cha kanzu,
akauliza jina la marehemu, la mumewe, la baba mkwe,
akauliza kijiji.
Hapo Hasmukhi akanyamaza. Akanigeukia
na macho yale ya ukungu.
"Mwanza," nikasema. "Andika Mwanza."
Akaandika, kwa herufi nisizozijua, polepole,
kama mtu anayeonja neno kabla ya kulimeza.
Kopo tupu tukalirudisha. Hasmukhi alikataa kulitupa.

Mama aliniuliza jambo moja tu nilipofika,
amenipa mgongo, anaanika dagaa juu ya mwamba.
Hakuuliza nauli, wala kama nililia.
"Fundo uliliombea nini?"

Nikasema sikumbuki. Na ni kweli:
vidole vilimaliza kabla moyo haujaanza.

Akageuza dagaa upande wa pili, akamfukuza kunguru.
"Basi litangoja," akasema.
"Nailoni haiozi."